Siku Hinde Alipozuia Usomaji

Ijumaa jioni Getzel alingoja mishumaa iwashwe ndipo aseme. Alimjua mkewe: mbele ya mishumaa ya Sabato, Hinde hapandishi sauti.

"Jumapili tunarudi kazini," alisema, macho kwenye bakuli la supu. "Wanaume wote. Wapiga pasi saba na wakata vitambaa wanne. Tumeshazungumza na mzee Anshel, yamekwisha."

Hinde alikuwa amempakata Shifra, binti yao wa miezi minane, akimlisha mkate uliolowekwa kwenye supu. Kijiko kikasita hewani. Mtoto akakifuata kwa mdomo wazi, akakikosa, akanuna.

"Mmezungumza lini?"

"Jana. Alituita nyumbani kwake, tukanywa chai."

"Chai tupu?"

"Na keki."

"Wiki sita," Hinde alisema polepole, "wanawake kumi na wanane tunapokezana zamu mlangoni pa kiwanda, theluji inatuingia viatuni. Bi Tsivia kavunjwa kidole na rungu la polisi. Nyinyi mmenunuliwa kwa keki."

"Hukuwepo ukamsikia. Saa zitapungua. Hatatukata tena hela za sindano na uzi. Mlango wa nyuma hautatiwa kufuli. Yote mliyoyataka! Ametoa neno lake."

"Basi atie saini."

"Ndiyo hapo sasa." Getzel akapangusa masharubu. "Anasema karatasi ni matusi. Sisi sote ni watu wa Koritnitse. Mtu wa Koritnitse hamwekei mwenzake karatasi kama vile ni mwizi."

Hinde alimpa mtoto kijiko chake, akamwambia mumewe, "Haya, kula. Inapoa." Getzel akashika mkate kwa wasiwasi. Angependa zaidi kama mkewe angepiga kelele.

Anshel Burshtin hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililokuwa gumu. Alitangulia New York miaka ishirini kabla yao, na tangu hapo kila aliyetoka mji wao wa Koritnitse, akishuka melini na furushi lake na kikohozi chake, alielekezwa kwa Anshel, na kesho yake alikuwa na kazi ya kushona mashati. Alikuwa mwenyekiti wa sinagogi yao na mweka hazina wa chama chao cha maziko. Kiwanda chake kilifungwa siku ya Sabato, wakati nusu ya mtaa ililazimika kufanya kazi Jumamosi na kumwomba Mungu radhi baadaye. Ukiugua, mkewe Dvoshe atakuletea supu. Ukifa, Anshel atakuzika. Ila kati ya kufika na kufa, utashona saa anazozitaka yeye.

Na neno lake? Hinde alilijua neno lake. Wakati wa Pasaka iliyopita aliapa mbele yao wote kwamba sindano na uzi ni juu yake. Pentekoste haijafika, makato yamerudi. Alipoulizwa, alishangaa kwa moyo safi kabisa: "Mimi nilisema hivyo?" Hakudanganya, alisahau tu, kama tajiri anavyosahau.

Mgomo mkubwa wa washona mashati ulipolipuka Novemba ile, mwaka 1909, wanawake wa kiwanda cha Burshtin walitoka siku ya pili, wakamchagua Hinde, mtoboa matundu ya vifungo, awe msemaji wao. Walimchagua kwa sababu alikuwa akienda shule ya jioni, anasoma magazeti, na haogopi kuuliza swali mara mbili. Wanaume walitoka pia, ila walikaa zaidi kwenye mkahawa wa chai kuliko mlangoni. Lakini Hinde alijua hesabu ya kazi. Wasichana wa kushona, Anshel angeweza kuwaokota bandarini. Mkata kitambaa haokotwi, wala mpiga pasi anayejua kola. Wanaume wakirudi bila mkataba, Jumatatu mashati yatatoka, na wanawake kumi na wanane watabaki barabarani na wiki zao sita za bure.

Alikuwa na usiku mmoja na asubuhi moja. Asubuhi hiyo wanaume wote kumi na mmoja watakuwa chumba kimoja, na Anshel atakuwa nao.

Sinagogi ya watu wa Koritnitse ilikuwa chumba kirefu ghorofa ya kwanza, kwenye jengo lile lile ambalo Hinde na Getzel walipanga ghorofa ya nne. Chini kabisa palikuwa na mwoka mikate, na katika tanuri lake kila familia ilikuwa imeacha tangu Ijumaa chungu chake cha maharage, shayiri na nyama ya ng'ombe, kiive taratibu mpaka mchana wa Sabato.

Siku hiyo chumba kilifurika. Jumanne Anshel alikuwa anamwoza binti yake, na bwana harusi alikuja kuitwa mbele kubariki usomaji wa Torati kama ilivyo desturi Sabato ya kabla ya harusi. Baba yake, Faytl Kaplinski, mwenye kiwanda cha kofia ng'ambo ya mto, alikaa mbele karibu na ukuta wa mashariki, mahali pa heshima, kitambi chake kikiwa kimetulia kama paka. Nyuma ya pazia, upande wa wanawake, kila mmoja alikuwa na kijifuko cha lozi na zabibu kavu za kumrushia bwana harusi.

"Umekunja uso kama aliyeonja siki," Bi Tsivia alimnong'oneza Hinde. Alikuwa mjane wa miaka hamsini, mshona kola, na kidole chake kilichofungwa kitambaa kilisimama wima kama mshumaa. "Umenyonyesha?"

"Nimenyonyesha. Bi Tsivia, nishikie mtoto."

"Unakwenda wapi? Choo kiko huku."

"Naenda kuzuia usomaji."

Bi Tsivia akamkodolea macho. Kisha akamkumbatia Shifra vizuri, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Vaa shali. Kule mbele kuna baridi."

Desturi ile ilikuwa ya kale, na huku Amerika hakuna aliyeiona ikitumika. Kule kwao, aliyedhulumiwa, awe mnyonge kiasi gani, awe mchota maji, awe mjane, alikuwa na haki ya kusimama mbele ya Torati siku ya Sabato na kuzuia isisomwe mpaka jamii yote isikilize shauri lake. Hinde aliiona mara moja, akiwa na miaka tisa. Mwanamke aliyefukuzwa na mwenye nyumba alipiga meza kwa kiganja, na mwenye nyumba akageuka mwekundu kuliko bitiruti. Mwanamke yule alilala chumbani mwake usiku uleule.

Gombo la Torati lilikuwa limeshatolewa sandukuni na kulazwa juu ya meza ya kusomea katikati ya chumba, halijafunguliwa. Hinde akapita kwenye pazia. Alisikia benchi zikilia, mtu akikohoa. Akafika, akaweka kiganja juu ya meza, akaipiga mara tatu.

"Nazuia usomaji," alisema. "Mimi Hinde, mke wa Getzel, nina shauri na Anshel Burshtin."

Chumba kikalipuka.

"Amepagawa!"

"Getzel! Mtoe mkeo!"

"Mke si gunia, unamtoaje?"

"Siku ya furaha ya watu! Hana haya?"

Getzel alikuwa amesimama nusu, hajui akae au aende. Rabi Zusman, mzee mwembamba mwenye sauti ya mbu, akainua mkono mpaka kelele zikatulia.

"Ana haki," alisema. "Sikuitunga mimi. Sema, binti yangu. Sema kwa ufupi."

Hinde akasema. Saa hamsini na mbili kwa wiki, si zaidi. Sindano, uzi na umeme ni vya mwenye kiwanda. Mlango wa nyuma usitiwe kufuli watu wakiwa ndani. Na chama cha wafanyakazi kitambuliwe. Sauti yake ilitetemeka kwenye sentensi ya kwanza tu.

Anshel alisimama. Alikuwa mrefu, ndevu zake zimechanwa, shali yake ya sala ina ukingo wa fedha. Hakukasirika. Alitabasamu kama baba ambaye mwanawe amejikwaa mbele ya wageni.

"Mama Shifra, yote hayo nimeshawapa hawa wanaume. Wamekubali. Shauri liko wapi?"

"Liko kwenye saini. Nataka utie saini mkataba. Leo, hapa, mbele ya watu. Sitoki mezani mpaka utie saini."

"Leo?"

"Leo."

"Hapa?"

"Hapa hapa."

Anshel akafungua mikono yake. "Vizuri sana. Leteni kalamu."

Hakuna aliyesogea. Kisha mtu mmoja nyuma akaanza kucheka, na wa pili, na mara benchi zote zikatikisika. Hinde akasikia joto likimpanda kutoka shingoni mpaka masikioni. Sabato! Mtoto wa miaka mitano anajua kwamba siku ya Sabato Myahudi haandiki hata herufi moja. Alipanga kila kitu usiku kucha, akapanga la kusema na pa kusimama, akasahau hilo.

"Ndiyo shule ya jioni hiyo!" mkata kitambaa mmoja alipiga kelele. "Inafundisha watu kuandika Sabato!"

Hinde akawaacha wacheke. Alikuwa na mtoto mchanga nyumbani. Alijua kwamba kelele zina mwisho. Zilipopungua, akavuta kiti cha msomaji, akakaa.

"Kweli, nimesahau," alisema. "Basi nitangoja nyota tatu zitoke, Sabato iishe. Sina haraka. Leo siendi kazini."

Kicheko kikakatika. Rabi Zusman akavuta ndevu.

"Hapo pana jambo," alisema. "Torati ya leo husomwa mpaka jua lizame. Likizama haijasomwa, imepotea, na bwana harusi hakuitwa. Nyota hutoka baadaye. Ukingoja nyota, binti yangu, unaupoteza usomaji wa watu wote. Ukiruhusu kabla, saini huna."

Mzee Kaplinski akageuza kitambi chote kumtazama baba mkwe mtarajiwa wa mwanawe. "Anshel. Mwanangu ataitwa au haitwi?"

"Ataitwa! Mara moja tu." Anshel akasogea mpaka mezani alipokaa Hinde, akashusha sauti, lakini chumba kile hakikuwa na siri. "Sikiliza, mwanangu. Sanduku la Torati liko wazi. Natoa neno langu mbele yake. Unataka nini zaidi? Ahadi kwangu ni deni."

"Pasaka ulitoa neno."

"Mimi?"

"La sindano."

Upande wa wanawake ukavuma kama mzinga wa nyuki. Anshel akapepesa macho; alikuwa amesahau hata kwamba alisahau.

"Mzee wangu," Hinde alisema, na sasa sauti yake ilikuwa laini, "mimi sikuiti mwizi. Ulitulipia mimi na Getzel nauli ya meli. Lakini nikuulize. Jumanne unamwoza binti. Bwana harusi ni kijana mwema, tumeuliza. Babake ni mtu mwema. Wanapendana. Utamtoa binti yako kwa neno tupu?"

"Hayo ni mengine."

"Mbona rabi ataandika mkataba wa ndoa? Na mashahidi watautia saini? Na mtausoma kwa sauti mbele ya watu mia? Si matusi kwa mzee Kaplinski?"

"Bila mkataba binti yangu hatoki mlangoni!" sauti ya Dvoshe, mke wa Anshel, ikatoka nyuma ya pazia kabla hajajizuia.

Safari hii kicheko kilimwendea Anshel. Hata bwana harusi aliinamisha kichwa, mabega yakimcheza.

"Nyamaza, mama!" Anshel alifoka. Kisha akajikaza. "Ndoa ni ndoa na kazi ni kazi. Mimi silazimishwi na mtoboa matundu. Tutaona nani atachoka kwanza." Akarudi ukuta wa mashariki, akakaa, akafumba macho kama mtu anayesali.

Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi. Hivyo ndivyo ilivyoanza siku ndefu kuliko zote katika sinagogi ya Koritnitse.

Kutoka hakuna aliyetoka. Sala ilikuwa haijaisha, na gombo likiwa mezani ni aibu kuliacha. Rabi aliwaruhusu wazee na wanaonyonyesha watie kitu mdomoni. Wanawake wakaanza na lozi moja moja, halafu zabibu, na kufikia saa sita vijifuko vya harusi vilikuwa vimelegea. Saa saba harufu ya vyungu ikaanza kupanda kutoka kwa mwoka mikate, ikipenya kwenye mbao za sakafu: maharage, kitunguu, mafuta ya nyama. Wanaume wakawa wanameza mate kwenye vitabu vya sala.

"Changu nimetia mfupa wa uboho," mtu alinong'ona.

"Nyamaza kabla sijakupiga."

Nyuma ya pazia Shifra alianza kulia, kilio kile cha kifuani ambacho Hinde alikijua hata kwenye kelele za mashine za kiwandani. Maziwa yakamjaa. Akitoka mezani, usomaji utaendelea. Asipotoka, mtoto atalia mpaka azimie. Akasimama, akakaa tena. Anshel alifumbua jicho moja.

Pazia likafunuliwa. Bi Tsivia akaja na mtoto kwenye bega, akamkabidhi Hinde, akavuta kiti. "Nenda kanyonyeshe. Zamu yangu." Akaweka kidole chake kilichofungwa juu ya meza mahali ambapo wote wangekiona. "Wiki sita nimesimama kwenye theluji. Hapa kuna paa na kiti. Nitakaa mpaka Masihi aje." Akamgeukia rabi. "Rabi, leo tunasoma wapi?"

"Farao. Damu na vyura."

"Farao alipotaka vyura waondoke alisemaje?"

Rabi Zusman akasita. Alikuwa mtu mkweli. "Alitoa neno kwamba atawaachia watu."

"Na vyura walipoondoka?"

"Akaufanya moyo wake mgumu."

"Nilikuwa nauliza tu," Bi Tsivia alisema.

Mzee Kaplinski akacheka mpaka akalazimika kufuta macho kwa shali. Kisha akainama kwa Anshel. "Ndugu yangu, mimi nilitia saini na wafanyakazi wa kofia mwaka juzi. Nilidhani nitakufa. Mke wangu aliniletea daktari. Nitazame." Akapiga kitambi. "Nimekonda?"

Anshel hakufumba macho tena.

Hinde alinyonyesha akiwa ameketi karibu na pazia, akitazama kupitia upenyo. Aliwaona wale wanaume kumi na mmoja wa kiwandani kwenye benchi lao la kando, mabega yameinama. Ilikuwa saa tisa. Alianza kuelewa kitu ambacho asubuhi hakukijua. Anshel aliweza kukaa hivi mpaka giza liingie; kiburi kina tumbo lake. Lakini Anshel hakuwa na mkasi wala pasi. Waliokuwa navyo walikuwa pale kwenye benchi.

Bi Tsivia alikuwa amechoka. Kidole kilimuuma, alikiinua na kukishusha, na uso wake ulikuwa wa kijivu. Hinde akajaribu kumtoa Shifra titini. Mtoto akashikilia kwa nguvu zote. "Mara moja, roho yangu," alimnong'oneza. "Mara moja tu."

Getzel alisimama.

Akapita kati ya benchi, mikono yake mikubwa yenye makovu ya pasi ikining'inia. Kila mtu alimtazama. Wengine walidhani hatimaye mume ameamka kumwondoa mkewe na wenzake. Alifika mezani, akainama kwa Bi Tsivia.

"Mama, nenda kapumzike," alisema. "Zamu yangu."

Bi Tsivia alimtazama kwa muda. "Una hakika unajua kukaa? Hapa hapana keki."

"Najua, mama."

Akakaa. Akaweka kiganja juu ya meza pale kilipokuwa cha mkewe asubuhi. Hakuwa msemaji, Getzel. Masikio yake yaliwaka. Alizungumza akiwaelekea wapiga pasi wenzake, si Anshel.

"Juzi nilisema ndiyo," alisema. "Nilisema kwa sababu chai ilikuwa ya moto na nilikuwa nimechoka. Sasa nasema hapana. Jumapili siendi bila karatasi. Mke wangu hasimami peke yake tena."

Yule mkata kitambaa aliyecheka asubuhi akajisugua pua. "Mimi nilimcheka," alisema. "Kwa hiyo zamu inayofuata ni yangu." Na mwingine: "Baada yake mimi." Mpiga pasi mzee kuliko wote alisema tu, "Farao, kwa kweli," akatikisa kichwa, akaenda kusimama nyuma ya Getzel.

Hinde alipita kwenye pazia na mtoto amelala begani, kinywa wazi, tone la maziwa kidevuni. Kifua chake kilimjaa kitu ambacho hakikuwa maziwa. Lakini aliuliza kama msemaji, si kama mke.

"Wote?"

"Wote," walisema.

"Basi inueni mikono. Kuinua mkono si kuandika."

Mikono kumi na mmoja ikapanda, na nyuma ya pazia, kwa mivumo ya shali, ikapanda mingine kumi na saba. Walisema kiapo walichokula wote siku mgomo ulipoanza, kila mmoja kwa mtindo wake, wengine haraka, wengine wakikwama: nikiwasaliti wenzangu, mkono huu ninaouinua na unyauke.

Hinde akasogea mezani. Alimtazama Anshel, kisha dirisha, ambako jua lilikuwa bado kidole kimoja juu ya mapaa.

"Rabi," alisema, "naachia usomaji. Someni."

Anshel aliinuka. "Unaachia? Bila saini?"

"Nyota zikitoka, karatasi iko kwangu, ghorofa ya nne. Usipotia saini leo utatia kesho, au Jumanne baada ya harusi. Sisi tutakuwepo. Mkasi nao utangoja."

Walisoma kwa kasi ambayo Torati haijawahi kusomwa katika mtaa ule. Bwana harusi aliitwa, akaimba baraka zake kwa sauti ya njaa, na wanawake wakamrushia walichobakiwa nacho, lozi tisa na zabibu chache, moja ikaingia kwenye ndevu za rabi. Jua lilizama msomaji akiwa anafunga gombo. Kisha wakawa na muda ule mfupi usio mchana wala usiku, na hakuna aliyeondoka. Watu walisimama madirishani, wakinyoosha shingo.

"Ile moja."

"Hiyo ni taa ya daraja, kipofu wewe."

"Basi ile."

Walipohesabu ya tatu, rabi akabariki divai na mshumaa wa kuagia Sabato, na Hinde alikuwa ameshapanda ngazi na kushuka. Mkataba ulikuwa kurasa mbili zilizochapwa kwa Kiingereza. Aliutandaza kwenye meza ile ile na kumsomea Anshel kipengele baada ya kipengele, akifasiri taratibu, bila kuruka, na hakuna aliyemharakisha ingawa vyungu sasa vilikuwa vinanukia karibu na kuungua.

Anshel alisikiliza mpaka mwisho. Alimtazama Kaplinski, ambaye alikuwa akichunguza dari. Alitazama benchi la wanaume wake, na halikuwa na mtu. Wote walikuwa upande wa pili wa meza.

"Babangu," alisema, "aliuza ng'ombe kwa kupeana mikono."

"Babangu ndiye aliyemnunua mmoja," Hinde alisema. "Ng'ombe mwenyewe alikuwa kiwete."

Midomo ya Anshel ilicheza kabla hajaizuia. Akachukua kalamu, akatia saini kwa herufi kubwa za mtu aliyejifundisha mwenyewe, akapuliza wino.

"Haya. Mmefurahi? Sasa mkale. Na kesho asubuhi saa moja kamili nataka kila pasi iwe ya moto."

"Saa mbili," Hinde alisema.

"Saa moja. Miaka ishirini tunaanza saa moja!"

Hakubishana. Alimhamishia Shifra bega la pili, akageuza karatasi imwelekee Anshel, akaweka ncha ya kidole kwenye mstari. Anshel akavaa miwani. Alisoma, midomo ikienda bila sauti, akafika mwisho wa mstari, akarudi mwanzo.

"Saa mbili," alisema hatimaye, kama mtu anayeonja chumvi.